Picha Yako Wameiandika Hajulikani

Baba, shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkweo siwezi kuanza bila salamu.

Baba, nimekasirika! Tangu juzi nasonga ugali kama napiga mtu. Wamekuja hapa Gendabi vijana watatu wa mafunzo, wamekaa ofisi ya kijiji na kompyuta. Ndani kuna picha za magazeti ya zamani, wanauliza watu huyu nani, yule nani, waandike jina chini ya kila picha. Nikasema hiyo kazi yangu! Mimi najua mpaka mbuzi wa watu. Nikataja majina mpaka binti mwenye kompyuta akasema, "Mama, pole pole, vidole vinauma." Nikamwambia na nani alitoroka na mke wa nani. Hilo hakuandika.

Halafu ukatokea wewe. Uko mnadani, umebeba ndama mabegani, shuka limeteleza, unacheka na lile pengo lako. Nikalia hapohapo mbele za watu, na kati yao hakuna mzee hata mmoja aliyekujua.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu sana!"

"Anaitwa nani?"

Mimi! Mke wa mwanao ningetajaje jina lako? Miaka yote nalizunguka. Hata kuandikisha wajukuu zako shule nilienda na wifi, alitaje yeye. Nikamweleza binti, huyu baba mkwe wangu, kwetu Wadatoga jina lake halipiti mdomoni mwangu, ngojeni nimwite binti yake yuko Gitting.

"Mama, kama hujui sema hujui. Picha bado nyingi."

Akaandika: Mzee, hajulikani. Na Mama Paulo, aliyehamia juzi tu kutoka Maretadu, akacheka, "Leo redio imeisha betri!"

Hajulikani! Wewe? Mwaka ule wa njaa mlangoni kwako walipanga foleni wafugaji na wakulima, wote wanataka maziwa, ukagawa mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Wewe uliyekuwa unaniambia, "Mkwe, mdomo wako ungekuwa ng'ombe, ungefika Mbulu peke yake."

Na mwenyewe pia najikasirikia. Nilifungua mdomo, Baba. Jina lilifika kwenye meno. Nikalimeza. Nisamehe kwa kulifikisha hapo, au nisamehe kwa kulimeza, sijui ni lipi.

Mwanao yuko mbali malishoni na ng'ombe, simu haishiki. Nimempigia wifi, amesema kesho asubuhi anafika, na vijana wanaondoka kesho hiyohiyo. Nitamshika mkono mpaka kwenye ile meza. Akitaka kulitaja mimi natoka nje, nasimama huko kwenye jua. Nikirudi nisikute hilo neno "hajulikani", la sivyo hiyo kompyuta itanikoma. Nakuahidi.

Lala salama, Baba. Barua hii naiweka chini ya jiwe, pale kaburini kwako. Juu sijaandika jina, unaona mwenyewe. Utajua ni yako.