Kesho Naukata Muwati wa Kaburini Kwako

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sababu kesho asubuhi nitaukata muwati ulio juu ya kaburi lako na sitaki useme ulikatiwa kwa siri. Naogopa, Baba. Unajua mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Ni wewe uliyekuwa ukiwaambia wageni kwamba kitinda mimba wako alizaliwa akibishana na mkunga.

Nakumbuka siku ulipozileta mbegu zake. Tulikuwa tumehama kutoka Limuru miezi michache tu, nyumba ya mabati bado inanuka rangi, na huku ng'ambo ya Tuala hapakuwa na kitu ila nyasi, upepo na ng'ombe wa watu. Ukatoa mfukoni kitambaa chenye fundo, ndani yake mbegu nyeusi, ndogo na ngumu. Majirani walikuwa wamekucheka tayari. Udongo mweusi wa Kajiado, walisema, hautaki mti wa baridi. Wewe ukachagua ukingo wa kijito, pale penye unyevu, ukaweka mbegu kwenye sufuria na kuniita nilete birika likiwa linatokota. "Mwaga," ukasema. Nikakataa. Nilikuwa na miaka minane lakini nilijua maji ya moto huua. "Mwaga wewe! Mbegu ya muwati imelala usingizi mzito. Usipoiunguza haiamki." Nikamwaga huku nimefumba macho, na usiku ule nikamwambia mama kwamba tumeziua.

Zikaota zote. Ulinipa somo refu siku hiyo, nami nikakusikiliza kwa sababu ulikuwa na ndizi mkononi. Mti huu, ulisema, kwao ni Australia. Wazungu waliuleta kwa ajili ya magome yake, ambayo hulainisha ngozi ya kutengenezea viatu. Watu wa kwetu wakauita muthanduku, wengine wakasema muwati, na wewe ukasomeshwa nao: ulichuna magome ukiwa kijana, ukayafunga mizigo, ukayabeba hadi kwenye lori, na viganja vyako vikabaki na rangi ya kahawia hata kanisani.

Huku hatukuwahi kuuza gome hata moja, lakini sijui tungeishije bila mti huo. Kuni zake ziliwaka hata zikiwa mbichi. Nguzo za banda la kuku zilitoka humo, na makaa, na kamba za gome tulizofungia nyasi za ng'ombe wetu wawili. Ulipochanua maua yake ya manjano mama alipiga chafya wiki tatu mpaka akatishia kurudi kwao. Ulimnunulia leso mpya, mti ukabaki.

Jirani yetu Mmaasai, Mungu amrehemu, mume wa mama tunayemwita Yeyo, ndiye aliyeupa jina la tatu. Alikuja kuomba nguzo za boma lake akasema, "Nipatie mbili za hiyo mti ya Baba Njoroge." Tangu hapo ukawa mti wa Baba Njoroge kote huku, na kichwa chako, kwa kujivuna, hakikuingia mlangoni mwezi mzima. Siku hiyohiyo aliomba jambo jingine. Ng'ombe wake walikuwa wakipita kwenye shamba letu kwenda kunywa maji tangu kabla ya sisi kununua. "Ng'ombe haijui title deed," alisema, na wewe ukampa mkono kwamba njia ile haitafungwa na mtu yeyote wa nyumba yako. Nilikuwepo, nimeshika kikombe chake.

Hakuna mtu aliyeifunga, Baba. Ilifungwa na miti yako. Maganda yalipasuka kila mwaka, maji yakabeba mbegu, miche ikajaza kijito chote pande mbili. Wewe uliita baraka. Yule mzee alitangulia, ukamfuata miaka minne iliyopita, na siku yako ya mwisho ukatushika mikono mimi na kaka Njoroge ukatuambia tukuzike chini ya ule mti wa kwanza, na asiukate mtu. Tukaitikia. Kwetu neno kama hilo ni kirumi, neno la mwisho la mzazi, na anayelivunja huandamwa yeye na uzao wake. Nililelewa nikiwasikia wazee wakitaja boma hili na lile lililoharibika kwa sababu hiyo, na walikuwa wakipunguza sauti.

Mwaka jana kiangazi kilikuwa kibaya. Ng'ombe wa Yeyo walikonda mpaka mbavu zikahesabika, na mtamba wake mmoja akajipenyeza kwenye kichaka chetu kutafuta maji. Chui alikuwa humo, akamuua. Ilikuwa saa nane mchana, nikianika nguo, na mpaka leo nausikia mlio wa yule mtamba. Wasichana wangu wawili hupita pale wakienda shule. Nikaenda kwa Yeyo nikamwahidi kwamba kabla ya mvua nitakuwa nimefyeka kila kitu, isipokuwa mti wako. Alikubali. Hakuniuliza kwa nini mti wako ubaki, maana anajua aliyelala hapo.

Januari vibarua walikata miti yote ila wako. Yalibaki marundo ya matawi makavu, nami nikayatia moto. Nilisimama pale nikijipongeza, nikiwa na mpira wa maji mkononi moto usije ukavuka. Mimi, Baba, mwenye duka la mbegu Kitengela, ninayeketi nyuma ya kaunta kuwaeleza watu wazima jinsi ya kupanda sukuma wiki! Mimi niliyemwaga lile birika kwa mkono wangu! Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba ardhi ile ilikuwa imejaa mbegu zilizolala miaka ishirini na zaidi zikingoja kuunguzwa.

Mvua ya Aprili ilipokuja ziliamka. Nilitoka asubuhi nikadhani ni nyasi, nikafurahi. Nilipoinama nikayaona yale majani madogo ya muwati, yamebanana, hakuna mahali pa kuweka mguu. Maji ya mvua yalikuwa yamebeba mbegu zilizoungua, na miche ilikuwa imevuka mpaka na kuingia katika malisho ya Yeyo kadiri macho yangu yalivyoona. Nikakaa chini kwenye tope na sketi yangu ya dukani. Siku nne nilipita njia ya nyuma ili nisikutane naye.

Jumanne akaja mwenyewe, na fimbo yake.

"Takwenya, Yeyo," nikamwamkia Kimaasai.

"Iko," akaitikia, lakini hakuketi. "Umeona huko chini?"

"Nimeona. Ni mimi nilichoma. Nilisahau hiyo mbegu inaamshwa na moto."

Nikangoja matusi. "Mimi sina kitu mbaya na wewe," akasema. "Lakini vijana wangu wamechoka. Wananiambia, mama, hao watu wanatufungia maji na mti. Mimi nawashika, nawashika, sasa mkono imeisha nguvu. Unajua mimi silali? Naogopa wao, naogopa pia wewe utachoka uuze hii shamba kwa mtu sijui."

"Sitauza, Yeyo."

"Basi hii midogo tutang'oa na mikono, mvua bado iko, inatoka rahisi. Nitaleta wamama. Lakini huwezi kung'oa mtoto kama mama yake bado anazaa." Akaonyesha kwa mdomo upande wa kaburi. "Ni huo, mama yao. Na si watu wangu watakata. Baba yako alikuwa rafiki ya mzee wangu. Wewe ndiye utakata."

Nikamwambia kuhusu kirumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole. "Hiyo ni nzito," akasema, na sura yake ikanionyesha kwamba hakuwa akinitania. "Hata kwetu neno ya mzee ni nzito. Lakini alimpa mzee wangu mkono pia. Sasa atavunja gani?" Akaondoka akaniacha na swali la kukuuliza wewe.

Nilimpigia Njoroge. "Weh! Mimi usiniweke kwa hiyo story," akaniambia. "Niko na watoto watatu." Akakata simu. Mchungaji naye aliniombea, akasema laana zote zilivunjwa msalabani. Nikasema amina, nikarudi nyumbani nikiogopa vilevile.

Nimekaa na lile swali siku tatu. Mkono uliompa yule mzee ulikuwa mkavu na wenye nguvu, nawe umesimama wima. Ule uliotushika sisi kitandani ulikuwa wa moto kwa homa, na sijui kama aliyekuwa akisema ni wewe au ni maumivu yako. Labda najidanganya. Wanaovunja kirumi wote huwa na sababu nzuri.

Leo tumeanza na ile midogo. Wamekuja akina mama saba, tumeng'oa tangu asubuhi, na wasichana wangu wako huko nao sasa hivi ninapoandika. Nawaona kutoka hapa mlangoni. Mdogo anacheka kwa sauti, amepakaa tope mpaka kwenye nywele. Nikimtazama yeye ndipo ninapoogopa zaidi.

Kwa hiyo sikuombi uniruhusu, maana huwezi tena kunijibu. Nakwambia tu ujue ni nani. Si Njoroge, wala Yeyo, wala hawa watoto. Njoroge alitii. Wasichana hawa wawili hawakuwa chumbani siku ile, hawakuitikia lolote. Shoka nitalishika mimi peke yangu, nimewakataza wasikanyage hapo kesho mpaka niwaite. Kama kuna hasira, Baba, nitafute mimi. Nitakuwa nimesimama papo hapo juu yako, hutapata shida kuniona.

Mimi kitinda mimba wako, niliyeitikia.