Mlango Ulio Mbele ya Kabati

Mjukuu wangu Salma,

Huku Kiponda tu wazima, alhamdulillahi, na mama yako kapona kikohozi. Unasema faili ni lako na ruhusa unayo, lakini kompyuta inakukatalia kulifungua, hata wenzio wanakushauri uwafungulie watu wote.

Miaka ile baada ya Mapinduzi nilikuwa muuguzi kijana. Mchana mmoja mzazi aliyekwisha kujifungua alitoka damu nyingi, nikatumwa dawa. Ufunguo wa kabati la dawa ninao, kumbe chumba lilimo kimefungwa! Nikaanza kuupiga mlango mateke.

Mkunga wetu, Bi Zuhura, akanishika. "Ukiuvunja, kesho dawa zitalindwa na nani? Mlango huu wa nani?"

"Wa Mzee Haji, mtunza stoo. Yupo uani."

"Basi mwite, mwanangu!"

Mzee Haji akaja mbio, akanifungulia mimi peke yangu, nilipotoka na dawa akafunga.

Nawe huenda faili halina kosa, ila mojawapo ya folda zilizolibeba, kama kile chumba, ndiyo iliyofungwa. Anzia ya nje, uzipitie moja moja, uulize kila moja ni ya nani, na mwenye iliyofungwa umwombe akufungulie wewe peke yako.

Yule mama alizinduka magharibi, akaomba chai, kisha akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nikampakatisha.

Mungu akuhifadhi,
Bibi yako