Kipindi cha Ng'ombe, Saa Nne Asubuhi

Jumapili. Mvua imeshika Ngokolo tangu mchana, umeme umekatika na kurudi, na mimi nimejifungia ndani na chai ya tangawizi, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Acha niandike kabla utamu haujaniishia.

Kazi yangu ni kupanga vipindi katika kituo kidogo cha televisheni hapa Shinyanga. Watu wanadhani ni kukaa tu. Wapi! Ni kujua nani yuko sebuleni saa ngapi. Katuni watoto wakitoka shule. Tamthilia akina mama wakishaepua ugali. Filamu za ngumi usiku, kwa wachimbaji wa kule Geita waliotoka kwenye maduara yao ya dhahabu na hawataki kufikiri tena. Kila mtu na saa yake, na mimi najidai nawajua wote.

Isipokuwa mfugaji.

Kipindi changu cha mifugo, nilichokianzisha na ninachokitangaza mwenyewe, kinarushwa kila siku ya kazi saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo nafasi niliyopewa. Wiki iliyopita bosi wangu alinipasulia: saa nne mfugaji yuko malishoni, tunayahubiria makochi. Ama nikihamishie usiku baada ya taarifa ya habari, ama kifutwe. Jibu analitaka Jumatatu. Niliona ana haki kabisa. Nikasema niende nyumbani Songwa nikamuulize mfugaji ninayemjua kuliko wote, baba yangu.

Baba hajawahi kukiona hata siku moja. Iliniuma kidogo. Ile televisheni ya sola niliyowanunulia anasema ni ya mama yako. Lakini usiku ataangalia, akaniambia, mradi kisimkute amelala. Nikaona kazi imekwisha.

Jana jioni ng'ombe wakarudi. Mtamba mmoja amezubaa, hataki majani. Baba akamzunguka, akamtazama, halafu akafanya jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe katika mji ule.

"Mama Kabula," akamwita mama kwa jina langu, kuelekea jikoni, "hebu njoo umwangalie huyu."

Baba yangu! Nyumbani kwetu ng'ombe lilikuwa neno la wanaume, kazi ya mama ilikuwa kukamua na kunyamaza. Mama akaja taratibu, anafuta mikono kwenye kanga, akampapasa mtamba chini ya sikio. Akasema tezi zimevimba, hii yaweza kuwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, aitwe mtaalamu wa mifugo sasa hivi, wasingoje mpaka macho yatoe machozi. Baba akachukua simu bila kubisha.

Mimi nimeganda pale zizini. Maneno yale niliyasema mimi, Jumanne, hewani. Hata kale kapumziko kabla ya "sasa hivi" kalikuwa kangu.

Jikoni nikambana. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alicheka mpaka akatafuta kigoda. Kumbe kila kipindi changu kikifika, baba yuko malishoni, yeye anabandika maharage, anaiwasha ile televisheni humo jikoni, anafunga mlango, ananisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Jioni anamwambia mzee kana kwamba yametoka kichwani mwake. Mwanzoni baba alimbeza. Kisha ndama wakaacha kuharisha. Siku hizi hauzi hata dume kabla ya kumuuliza.

Nikamweleza habari ya kuhamisha kipindi. Kicheko kikakatika.

"Baba yako akianza kuangalia mwenyewe," akasema, "mimi ataniuliza nini tena?"

Nikasonga ugali, ukatoka na madonge, na hakuna aliyenisema.

Leo asubuhi mtaalamu amesema mtamba atapona, wamewahi. Baba akanisindikiza hadi barabarani, kifua mbele kana kwamba amemtibu yeye. Basi lilipokuwa linasimama, akaniinamia sikioni.

"Hicho kipindi chako, mwanangu, kwa nini usimwite mama yako akufundishe? Yule mwanamke anajua ng'ombe."

Nikaitikia, nitamwita, baba. Nimejifunika mtandio usoni mpaka Shinyanga mjini, jirani yangu kwenye kiti akidhani nalia msiba. Nashukuru baba hasomi blogu.

Bosi atakubali? Sijui. Akikifuta, mayu atarudi kukamua na kunyamaza, na hilo silitaki hata kidogo. Kwa hiyo kesho naingia ofisini kwake mapema, kabla hajanywa chai, namwambia mfugaji nimempata. Saa nne hayuko malishoni. Yuko jikoni, maharage yako motoni, mlango kaufunga.

Halafu naenda studio. Kesho ni habari ya kupe, na nitasema polepole, ili mayu ayashike yote.