Kwa Robin, uliyenijibu kwa mkono wa karani

Mwanangu Robin,

Huna adabu. Nimekuandikia kurasa tatu kwa mkono wangu huu wa kizee, nawe unanijibu kwa mkono wa karani! Mistari miwili ya mashine: Sir Robin anashukuru kwa salamu zako njema. Na picha yako juu, umesimama mbele ya jumba na mbwa wawili. Nani alikuomba picha? Mjukuu wangu Zuhura aliponisomea nikamwambia, "Rudia, umeruka." Akasema, "That's it, Nyanya. Hakuna zaidi."

Baadaye nikafahamu. Nilikuandikia Kiswahili, maana ndicho ulichoanza kusema. Karani wako kaona maandishi asiyoyajua na stempu ya Amerika, kadhani ni bibi fulani anampongeza bwana mkubwa. Kwa hiyo hukujua nilichokuambia. Lakini kosa ni lako vilevile. Tangu lini barua ya mama ikafunguliwa na mtu baki? Safari hii Zuhura ameandika juu ya bahasha, kwa Kiingereza na wino mwekundu, uifungue mwenyewe.

Habari ni hii: binti yako Alice amejifungua mtoto wa kike. Wako hapa kwangu Adelphi, huku Amerika, chumba cha pili. Mumewe, mwalimu wa shule kule Laurel, kijana mpole, huja kila jioni na mifuko ya chakula. Alice anakaa arobaini kwangu, kama mzazi yeyote anavyokaa kwa mama yake. Namkanda, namnywesha uji wa pilipili manga. Siku ya kwanza alilia kwa ukali wake. Sasa anaomba bakuli la pili.

Unajiuliza ameniona wapi. Wewe mwenyewe ulimpa njia. Mwanangu Mwanaisha aliponileta huku nilikutumia anwani, naye Alice aliikuta kwenye kitabu chako cha anwani. Alipogonga mlango alisema, "Baba alinisimulia kuwa wewe ndiye uliyemnyonyesha." Nikamwambia, "Basi ingia, mbona umesimama nje kama mgeni?"

Ndiyo, nilikunyonyesha. Mama yako alishikwa na homa baada ya kukuzaa, maziwa yakakauka, nami nilikuwa nafua nguo zenu pale Kizingo na Mwanaisha mgongoni. Memsahebu akaniambia kwa Kiswahili chake kile, "Mama Isha, saidia mtoto." Ziwa la kulia likawa la Mwanaisha, la kushoto lako. Nawe ulikuwa mlafi, hushibi. Kwetu hilo si jambo dogo. Mwanaisha ni dada yako, hata kuoana mngekatazwa. Alice ni mjukuu wangu, na hiki kitoto ni kitukuu changu, hakuna wa kunibishia.

Wakumbuka siku ya kupelekwa shule Ulaya? Ulikuwa na miaka saba. Ulijificha chini ya kitanda changu, ukasema, "Mama, mimi siendi." Mimi ndiye niliyekuvuta mguu ukatoka. Sijakwambia mpaka leo: nilikuvuta kwa sababu niliamriwa, na usiku ule sikula.

Kisha ukarudi na kofia ya jeshi la Waingereza. Ofisa mzima! Nilicheka, mtoto aliyekuwa akiogopa mende. Ulikaa mkekani ukala mbaazi na mahamri, wenzako wakikupigia honi barabarani. Ukawapigia kelele dirishani, "Ngojeni, nakula kwa mama." Mtaa mzima ulisikia. Nilitembea mwezi mzima kichwa juu.

Huyo ndiye Robin ninayemjua. Huyu aliyekuja baadaye simjui. Ami yako alifariki hana mtoto, ubaroneti, hicho cheo cha ukoo wenu, ukakuangukia, ukaacha jeshi ukaenda kukaa kwenye jumba lile. Ni sawa. Lakini Alice ananiambia ulimweleza kuwa cheo na nyumba havirithiwi na mwanamke, vitakwenda kwa binamu. Akakuuliza, "Na mimi ni nani hapa?" Nawe ukajishughulisha na mbwa! Miaka miwili sasa hamsemezani. Sheria ya huko hukuitunga wewe, lakini ulimi ni wako. Ulishindwa kumwambia, "Wewe ni mwanangu"?

Hakuchukii. Juzi nilimkuta anamtazama mtoto masikio, akacheka peke yake. Ni yako, yamesimama vilevile. Nikamwuliza, "Tumwite babu yake?" Akasema, "Hatakuja, Nyanya." Hakusema hapana, Robin. Mtu asiyetaka husema hapana.

Kwetu mtoto hatoki nje mpaka arobaini itimie, na siku hiyo mzee wa nyumba ndiye humbeba akavuka naye kizingiti. Zimebaki siku kumi na nane. Mwanaisha amesema atambeba yeye kama hakuna mwingine. Nimemwambia angoje, yuko mwingine.

Basi sikiliza. Ukimaliza kusoma, mpigie Alice simu wewe mwenyewe, nambari Zuhura ameiandika nyuma ya bahasha. Umwambie lile neno ulilomeza, kisha ukate tiketi. Mumewe atakupokea uwanja wa ndege. Ukifika kwangu usianze kujieleza mlangoni. Vua viatu, nawa mikono, umpokee mtoto.

Mimi mama yako wa ziwa,
Mama Isha