Nabatizwa mwisho wa mwezi, na bado naimba matusi kazini

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie haraka, maana Jumapili ya mwisho wa mwezi nabatizwa, na furaha niliyonayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe, lakini Alhamisi nimeharibu vibaya sana. Mimi ni kibarua wa kulaza mabomba ya maji, mwaka wa nne huu niko mbali na kwetu, na shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko univumilie. Kikosi chetu tuko wanane. Bomba la chuma tunalishusha mtaroni kwa kamba, na ili wote tulegeze kamba kwa pamoja lazima mmoja aimbishe, na huyo ni mimi, sauti ninayo na matusi nilikuwa nayo, hakuna aliyepona, watu wanacheka mpaka machozi na bomba linashuka laini kama limepakwa sabuni.

Miezi mitatu iliyopita nikaokoka. Mshauri, nimeokoka kweli! Pombe nimeacha, sigara nimeacha, mke wangu nilipompigia akauliza, "We nani unayetumia simu ya mume wangu?" Naamka mgongo unauma na bado najikuta nacheka mwenyewe. Aliyenipeleka kanisani ni mwenzetu wa kikosini, mtu mzima, tunamwita Mzee Taratibu kwa kuwa hana haraka na jambo lolote. Kila mchana tunakaa juu ya makarai tuliyoyapindua, yeye kaweka kidole kwenye mstari, mimi nasoma Biblia kwa kukwamakwama, na hajanicheka hata siku moja.

Sasa nilipoacha matusi nikanyamaza, na kazi ikachafuka. Alhamisi nikasema ngoja niimbishe wimbo wa ibada, kumbe ni ule wa kuvuta sauti, wengine wakalegeza kamba mwanzoni, wengine wakangoja mwisho, bomba likainama upande mmoja, nusura limvunje mtu mguu. Nyapara akaja juu: "We mtumishi, unashusha bomba au unazika? Imba ule wa zamani, au kesho nilete anayeweza!" Ulimi ukateleza. Nikaita, "Mke wa nani katoroka?" Wakapokea, "Wa Taratibu!" Nikaita, "Na nani?" Wakapokea, "Na fundi redio!" Bomba likakaa mahali pake kabisa, na sikufichi, nilijiona mfalme. Ni kweli mkewe alimkimbia. Zamani nikiuimba alikuwa anatabasamu, safari hii hakutabasamu, na mchana alikula peke yake akajilaza kofia usoni. Na ndiye aliyekubali kusimama nami siku ya ubatizo! Je, wokovu wangu ni wa uongo? Niahirishe ubatizo, au nitafute kazi kwingine nisikojulikana?

Mwimbishaji

*

Ndugu Mwimbishaji,

Hongera! Nilipofika kwenye maneno ya mkeo nilicheka kwa sauti mpaka mwenzangu wa meza ya pili akasimama kuja kusoma. Mtu aliyekuzoea hivyo amesikia badiliko kwenye simu tu, na wewe bado unauliza kama ni kweli?

Haya, sasa nikuseme. Ulimi haukuteleza. Uliita, ukapokewa, ukaita tena, ukafurahi. Ni dhambi, iite hivyo. Na nani kakwambia zamani Mzee Taratibu alikuwa anapenda? Alitabasamu kwa sababu kamba iko mikononi na hana pa kwenda. Wewe wa zamani usingeliona hilo. Umeliona sasa, na ndiyo maana umeniandikia. Huko ndiko kukua, kaka, hata kama kunauma. Kuhama kazi hakusaidii, mdomo utahama nao.

Mfuate mchana, kabla hajafungua chakula chake. Mwombe radhi na usimtaje nyapara hata kidogo. Kisha waombe wenzako wakusikilize, na mbele yao useme tena, maana mbele yao ndipo ulipomdhalilisha, na uwaambie ubeti ule umekufa.

Kuimba usiache, watu wataumia. Kosa la ule wimbo wa ibada lilikuwa mwendo tu. Tunga maneno mafupi ya kupiga kwa pamoja, na kama lazima umtukane mtu, litukane bomba: kitambi chake, uvivu wake, uzito wake. Bomba halina mke.

Ubatizo usiahirishe. Muulize Mzee upya kama bado atasimama nawe. Akisema hapana, usimbembeleze wala usimtumie watu. Ingia majini na mwingine, na Jumatatu ushike kamba ubavuni kwake, umwamkie kwa heshima, uanze kuimba.