Dumu Lililobonyea Bondeni

Mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba. Huku Nambis sisi wazima, na mvua hainyeshi kabla sijaulizwa.

Unauliza kwa nini masikio yanaziba basi likishuka bondeni. Siku ya posa nilishuka na asali nusu dumu, kizibo nimekikaza huku juu. Kufika ukweni, dumu limebonyea. Baba mkwe akasema, "Kijana, umeilamba njiani. Rudi kwenu."

Kumbe hewa ya bondeni ni nzito, imebeba yote iliyo juu yake, ikaiminya ile nyepesi niliyoifungia Nambis. Kizibo kilipolegezwa, dumu likavuta pumzi, tumbo likarudi. Mzee akacheka, akanipa mke. Masikio nayo ni hivyo hivyo, meza mate.

Ila aliyelegeza kizibo ni huyo huyo mke, bibi yako. Dumu lilipolia fyuu, mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya ng'ombe.

Babu yako mdogo