Spana Yako Inarudi na Carmen

Irving, Texas
8 Juni 2025

Kwa Mzee wangu Gelasius, fundi mkuu wa Kasulu,

Shikamoo Mzee. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya umri na ya pili ni ya ufundi. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na lile jicho la kulia bado linakuonyesha mlango ulipo. Na Mama Sospeter wa maharage hajambo? Bado anawaambia watu kwamba baiskeli yake ilikuwa nzima kabla hatujaigusa? Sisi huku ni wazima wa kutembea. Joto limeshaanza. Ukisahau spana juani, ukirudi unaishika kwa kitambaa kama sufuria ya ugali.

Utashangaa kwa nini naandika kwenye karatasi wakati simu ninayo, tena kubwa kama sinia. Simu ina haraka, Mzee, na haya maneno yanataka kukaa. Najua herufi huzioni tena, kwa hiyo binti yako Carmen ndiye atakayekusomea. Bahasha nitaifunga kwa solusheni ya viraka, na nimeshamwomba asiifungue mpaka awe ameketi mbele yako. Alinicheka, akasema kaka Audace siku hizi una siri kama mchumba. Mwache asome polepole. Kiswahili chake kimeshika kutu kidogo tangu aje huku, akiwa na miaka kumi na miwili, na mama yake mdogo Marie-Rose.

Nianze na kazi, maana mwanafunzi asipojisifu kwa mwalimu wake, atajisifu kwa nani. Duka letu hapa Irving linatengeneza baiskeli za watu ambao siku moja hiyohiyo wanaogelea, wanaendesha, kisha wanakimbia kwa miguu. Hakuna anayewafukuza. Wanalipa ili wachoke. Wateja wangu ni madaktari wa meno na marubani, na wote wananiita kwa jina, ingawa wanalitamka kama wanapiga chafya. Baiskeli zenyewe si za chuma. Ni kaboni, nyepesi hivi kwamba unainua moja kwa kidole ukiwa unakula mandazi kwa mkono mwingine. Mbele pana pembe mbili ndefu. Mwendeshaji analala juu yake, viwiko vimeegemea, kama mtu anayechungulia kisima.

Kazi yangu ilikuwa kupanga maji na kompyuta. Chupa moja inalazwa katikati ya zile pembe, ina mrija unaofika karibu na mdomo, mtu anyonye bila kuinua kichwa. Mbele ya chupa unafunga kishikio cha kompyuta. Kompyuta ni ndogo kama kiberiti, lakini inajua mwendo, mapigo ya moyo na umbali uliobaki. Inakuambia kila kitu isipokuwa sababu ya kujitesa. Chupa mbili zaidi zinakaa nyuma ya kiti, na hizo ndizo zilizonipa jina. Barabara ikiwa mbaya zilikuwa zinaruka kama vyura. Vifungo vya dukani vilishindwa. Mimi nikachukua tyubu kuukuu, nikakata mipira kama tulivyokuwa tukikata ya kufungia magunia ya mkaa kwenye keria, nikafunga. Chupa hazikuruka tena. Bwana Dale mwenye duka aliwaita wafanyakazi wote waje kuona, akanipiga begani. Tangu siku ile nikawa profesa. Shule niliiacha darasa la tano, na profesa nikawa.

Humo dukani nilikuwa na mwenzangu, Wanjohi, Mkenya wa Nyeri, mtu wa maneno machache na mwandiko mzuri. Kila kazi pale ina kadi: baiskeli ya nani, umefunga nini, umekaza kiasi gani, nani kafanya. Kwa Kiingereza, mimi na kalamu hatusalimiani. Basi Wanjohi alikuwa ananiandikia kadi zangu kwa miaka mitatu, na kwa kuwa kalamu ilikuwa yake, na sahihi ilikuwa yake. Hakuwahi kudai hata soda. Alinidai kitu kimoja tu, nitumie ile spana yao yenye kipimo, inayolia tik nati ikitosha. Alikuwa akiniambia, ndugu yangu, chuma ukikikosea kinapinda ukakiona, lakini kaboni inakosewa na kunyamaza. Nilimjibu mbele ya watu kwamba mkono unaosubiri kuambiwa na spana kwamba imetosha, huo si mkono, ni mguu. Watu walicheka sana. Wanjohi naye alicheka, baadaye kidogo kuliko wengine.

Mimi nilikuwa na spana yako, Mzee. Ile ya L uliyoifua kutoka kwenye ekseli ya pikipiki siku nilipomaliza mafunzo, ukaichomelea mpini mrefu. Ulisema fundi asiyekula tangu jana naye lazima aweze kukaza kama aliyeshiba. Nilivuka nayo bahari. Nakumbuka pia ulichosema ulipokuwa unanikabidhi, kwamba fundi akimuumiza mtu kwa kazi yake, anairudisha spana mwenyewe, anaiweka mezani, hakuna maneno. Nilimwona mwanafunzi mwenzangu Ézéchiel akirudisha ya kwake, yule mzee alipoanguka kwenye mteremko wa kanisani kwa breki alizozifunga yeye. Hukumtukana. Uliitundika msumarini. Mimi nilimcheka njia nzima hadi nyumbani.

Sasa nije kwa Carmen. Unajua alikuwa akifanya kazi Lewisville, katika nyumba ya kutunza wazee, anainua watu wazima kutoka kitandani kama anainua watoto. Wazee wale walikuwa hawamtaki mwingine. Akitoka kazini anaendesha. Miaka mitatu aliitafuta siku ile ya mashindano ya Houston. Picha yako, ile ukiwa umeshika pampu, aliibandika kwenye baiskeli chini ya kiti, akasema baba ataendesha bure. Ijumaa kabla ya mashindano aliiacha baiskeli dukani afungiwe maji na kompyuta, akakimbilia zamu. Jumamosi asubuhi aliichukua, tukaenda naye Houston, mimi na Marie-Rose na chupa ya chai na mwavuli.

Yaliyofuata uliyasikia kwa simu. Jumapili alitoka majini mapema kuliko tulivyotarajia, akapanda baiskeli, akatupungia. Tulikaa pale baiskeli zinaporudi. Marie-Rose alikuwa anahesabu wanaorudi kama anahesabu kuku. Carmen hakurudi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alitusimulia kwamba alimwona akishusha kichwa anywe maji, na pembe ya kulia ikaachia, akaenda chini na bega. Mtulinga ulivunjika. Mfupa uliunga. Ila mishipa ya fahamu iliguswa, na vidole vitatu vya mkono wa kulia mpaka leo havijui moto wala baridi. Kule kwenye nyumba ya wazee walimwambia kwa upole kwamba mtu hawezi kuinuliwa kwa mkono mmoja. Ndiyo maana amekuja kupumzika kwako. Neno pumzika ni la Marie-Rose. Mimi ningetafuta lingine.

Bwana Dale alileta ile pembe iliyovunjika, akaja na mtu wa bima mwenye miwani miwili. Walisema imekazwa kupita kiasi, ikapasuka ndani. Wakatafuta kadi. Kadi ilikuwa na mwandiko wa Wanjohi na sahihi ya Wanjohi. Wanjohi akasema, muulizeni Audace. Wote wakanigeukia. Nikasema, kwa kile Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba kadi inajieleza. Wanjohi alinitazama mara moja, akavua aproni, akaikunja mara nne kama shati la kanisani, akaondoka. Hospitalini nilikuwa nimeshamwambia Carmen hivyohivyo, kwamba Ijumaa nilibanwa na kazi, Mkenya ndiye aliyemalizia.

Na wewe ulipiga simu Jumapili iliyofuata. Marie-Rose aliiweka sauti juu ili sote tusikie. Sijawahi kukusikia ukimlaani mtu, Mzee, hata yule aliyekuibia pampu mbili. Lakini siku ile ulisema mkono uliokaza nati ile usishike chuma tena maisha yake yote, na Mungu asikie. Marie-Rose akaitikia Amina. Nami nikaitikia Amina.

Mzee, nati ile niliikaza mimi.

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Nilimwambia Wanjohi baiskeli ya binti wa mwalimu wangu haiguswi na mwingine. Hakubishana. Aliiweka ile spana ya kipimo mezani, karibu na mkono wangu. Niliisukuma kwa kiwiko, nikatoa ya kwako. Nilifunga pembe ya kushoto, nikafunga ya kulia, nikaongeza kidogo kwa ajili ya heshima yako. Pembe ikalia tik. Sauti ndogo, kama ganda la karanga. Spana ya Wanjohi inalia tik kwa sababu imetosha. Hii ililia kwa sababu imezidi, na mimi niliijua tofauti. Usiniambie sikujua. Uliponifundisha kusikiliza baiskeli kwa kuweka spana sikioni, nilikuwa mwanafunzi wako bora, wewe mwenyewe ulisema.

Niliinama nikatazama. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilijiambia ni rangi. Pembe nyingine ilikuwepo stoo, kuibadilisha ni nusu saa. Lakini ningelazimika kuiomba kwa Wanjohi, mwenye ufunguo, na angeniuliza imekuwaje, na wale niliowachekesha kwa habari za mguu wangekuwa wanasikia. Basi nilichukua kishikio cha kompyuta, nikakisogeza vidole viwili nyuma, kikakaa juu ya ule mstari. Kilikaa vizuri kabisa. Kesho yake Carmen alisifu, akasema kompyuta safari hii imekaa mahali inapoonekana.

Yeye alikuwa anasoma mwendo wake, na chini ya namba palikuwa na ufa.

Carmen, mdogo wangu, usisimame. Mmalizie baba. Ukitaka kunitukana, nitukane ukishafika kwenye jina langu.

Jumapili iliyopita niliendesha gari kwa muda wa saa nne mpaka Houston. Wanjohi sasa yuko huko, anapanga maboksi kwenye ghala. Alifungua mlango, hakusema karibu. Mkikuyu akikosa kukupa chai, Mzee, jua kwamba umeshahukumiwa. Nilimwambia nimekuja aniandikie. Akauliza nini. Nikamwambia ile kadi, iandikwe upya, kwa ajili ya Bwana Dale, maana mimi Kiingereza cha kuandika sina, na mtu mwingine ninayeweza kumwomba simjui. Aligeuka akaenda kuchukua kalamu. Akaandika ukurasa mzima kwa ule mwandiko wake, akanisomea kwa Kiswahili sentensi moja moja kama mwalimu wa watoto, akiniuliza kama ni kweli. Nilisema ni kweli. Alipofika chini akanisukumia kalamu, akasema leo utatia sahihi mwenyewe. Nilimwomba msamaha. Akasema mkewe Gakii amelala, katoka zamu, kwa hiyo nikitoka niufunge mlango taratibu.

Jumatatu Bwana Dale aliisoma mara mbili, akaniambia nikusanye vitu vyangu. Alimpigia Wanjohi amrudishe kazini, na Wanjohi akakataa. Kwa hiyo hata huo ukweli wangu, Mzee, ulifika baada ya gari kuondoka. Nimesema nilichokuwa nacho, na hakuna mtu hata mmoja aliyefaidika nacho.

Sasa nina ombi moja, na si la kwangu. Ile laana uliituma kwa Wanjohi. Itoe kwake. Mtu yule aliweka spana karibu na mkono wangu. Mimi Amina yangu niliitikia mwenyewe, na siifuti.

Carmen, kwenye sanduku lako kuna taulo la bluu, lile nililokuambia ni zawadi ya Mzee. Si zawadi. Lifungue. Desturi inataka fundi aje mwenyewe, kwa miguu yake, aiweke mezani. Mimi nimeshindwa kukutazama dakika kumi ulipokuwa unafunga sanduku, nitawezaje kumtazama baba yako. Nimeituma kwa mkono uleule nilioumiza. Uoga wangu umefika hapo, na mnaujua sasa wote wawili. Iweke mezani. Mzee anajua msumari ulipo, hata bila macho.

Msalimie Mama Sospeter, mwambie huenda ni kweli baiskeli yake ilikuwa nzima. Wasalimie wote wa pale sokoni wanaoniuliza, na wakisema Audace ni mtu mkubwa Amerika, usiwakatalie mbele ya watoto wao. Msalimie Ézéchiel. Zamani nilimcheka. Mwambie spana yake imepata jirani.

Mungu akulinde mgongo, na akurudishie mkono wa binti yako.

Niliyekuwa fundi wako,
Audace